Uzi Mmoja, Rangi Mbili



Juma hili nimeazimia kuandika juu ya macho na namna yanavyotuhadaa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani si insafu kuyasema macho ya watu nikayaacha yangu.

Mwaka jana, zikiwa zimesalia kama wiki tatu kuifikia Idi, nilimpelekea mdarizi mmoja wa mtaani kwetu kanzu mbili za wajukuu wangu. Moja ilikuwa nyeupe pe, na ya pili nyeusi ti, kwa kuwa yule mdogo alikataa katakata kuvaa nyeupe kama watu wote. Pamoja na kanzu hizo nilimkabidhi kidonge kimoja cha uzi wa hariri wa rangi ya kijivu, nilicholetewa na ndugu yangu kutoka Maskati, nikamwomba adarizi shingo na mikono ya kanzu zote mbili kwa uzi huo huo, ili watoto wakisimama pamoja wajulikane kuwa ni ndugu. Alipomaliza akaniletea. Nilizitandaza kitandani, na moyo ukanishuka. Darizi ya kanzu nyeupe ilikuwa imekoza, kijivu kizito kama wingu la masika. Ya kanzu nyeusi ilikuwa imepauka, inakaribia rangi ya fedha. Sikuwa na shaka hata chembe: uzi wangu ameutumia kwenye kanzu moja, nyingine ameidarizi kwa uzi wa dukani, na wangu uliobaki ameuweka.

Nikamwuliza. Akaniambia, "Mama, uzi ni ule ule, na umekwisha wote. Wallahi sikuongeza wala sikupunguza." Nikamlipa, wala sikumjibu neno. Laiti ningalinyamaza hivyo hivyo! Siku mbili baadaye, kwenye hitima nyumba ya pili, tulipokuwa tunachambua mchele, nikayasema. Sikumtaja jina, lakini nani asiyemjua mdarizi wa mtaa wetu? Juma halikwisha ila wanawake wawili walikuwa wamekwenda kuzichukua nguo zao hata kabla hazijatiwa sindano. Naye ni mjane, na sindano hiyo ndiyo inayowalisha watoto wake watatu.

Aliyenizindua ni binti yangu, asomeshaye sayansi. Nilimwonyesha kanzu zile nikitaraji aniunge mkono. Hakusema kitu. Alitwaa bahasha kuukuu ya kahawia, akaikata ikawa ukurasa mmoja, akatoboa matundu mawili madogo, kila moja jembamba kuliko upana wa darizi. Akazisogeza kanzu hata zikagusana, kisha akailaza ile karatasi juu yake, tundu moja likaangukia darizi ya kanzu nyeupe na la pili darizi ya kanzu nyeusi, kitambaa chenyewe kisionekane. "Sasa tazama, mama." Nikatazama. Rangi ilikuwa moja. Akaiondoa karatasi, zikawa mbili. Akairudisha, ikawa moja. Nilimwomba arudie mara ya tatu, na ya nne, na kila mara nikijiambia kwamba safari hii nitauona ujanja ulipo. Haukuwapo ujanja. Ulikuwapo uzi mmoja juu ya vitambaa viwili.

Mtu wa kwanza kuliandika jambo hili kwa mapana alilifikia kwa njia ile ile niliyolifikia mimi, yaani kwa malalamiko ya wateja. Michel Eugène Chevreul alikuwa mwanakemia wa Kifaransa, na mwaka 1824 aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kilichokuwa kikifuma mazulia ya ukutani ya kifalme. Malalamiko yalikuwa kwamba sufu nyeusi ya kiwanda hicho ni dhaifu, haiivi, hasa inapofumwa kuwa vivuli ndani ya nguo za buluu na zambarau. Chevreul akaichukua sufu hiyo akailinganisha na sufu nyeusi za mahali pengine, asione upungufu wowote. Ndipo alipotambua kwamba kosa halikuwa ndani ya pipa la rangi. Weusi ulidhoofishwa na rangi iliyokaa ubavuni mwake. Alilichunguza jambo hilo miaka mingi, na mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa kuhusu namna rangi mbili zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Kitabu hicho kilisomwa sana na wachoraji. (Mwenyewe aliishi miaka 102, akafariki mwaka 1889. Nimelitaja hili kwa kuwa limenifurahisha tu.) Mimi huwafikiria zaidi wale watia rangi waliokuwapo kabla yake. Ni wangapi walioitwa wazembe kwa sufu iliyokuwa sahihi?

Lakini kabla ya Mfaransa huyo, takriban miaka mia nane, alikuwapo mtu wetu wa Basra. Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa huko mnamo mwaka 965 wa Miladi, na akafariki mjini Kairo mnamo mwaka 1040. Husimuliwa kwamba aliitwa Misri na mtawala al-Hakim ili auzuie mto Nili usifurike. Alipouona mto akajua kazi hiyo haiwezekani, na kwa kuihofia ghadhabu ya mtawala akajitia wazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipokufa mwaka 1021. Katika miaka hiyo au karibu nayo aliandika Kitab al-Manazir, kitabu cha juzuu saba juu ya mwanga na kuona. Wakuu wa Kiyunani waliomtangulia, Euclid na Ptolemy, walishikilia kwamba jicho hutoa miali yake ikaenda kuvigusa vitu. Ibn al-Haytham alisema kinyume chake: mwanga hutoka kwenye vitu ukaliingia jicho. Kwa dalili alitaja jambo ambalo kila mtoto analijua, kwamba ukilitazama jua jicho huumia. Kama jicho ndilo linalotoa, mbona liumie?

Juzuu ya tatu ya kitabu hicho aliiweka kwa ajili ya makosa ya kuona. Na katika kueleza jinsi rangi zinavyoonekana alitaja jambo lililonifanya niweke kalamu chini: kwamba rangi moja ya mchoraji ikitiwa madoa madogo juu ya kitu cheupe huonekana imekoza, na ile ile ikitiwa juu ya kitu cheusi huonekana inang'aa. Kanzu za wajukuu wangu, miaka elfu moja kabla hazijashonwa!

Alichokiona mzee huyo, na ambacho wataalamu wa leo wamekuja kukithibitisha kwa vyombo vyao, ni kwamba kuona hakuishii jichoni. Jicho hupokea mwanga tu. Ni akili ipambanuayo, ikalinganisha hiki na kile, ikakumbuka ilichokijua zamani, kisha ikatoa hukumu. Hukumu hiyo hutolewa kwa upesi mno hata mwenyewe asitambue kwamba pamekaliwa baraza. Hudhani ameona tu.

Na kwa nini akili isiyapokee mambo kama yalivyo? Kwa sababu mwanga unaoingia jichoni hautoshi kuleta habari kamili. Chukua kipande cha makaa ukiweke uani kwenye jua la saa sita, kisha chukua karatasi nyeupe uiweke ndani, pembeni mwa chumba chenye kiza. Makaa hayo yaweza kukurudishia mwanga mwingi kuliko karatasi ile. Lau akili ingehukumu kwa wingi wa mwanga peke yake, tungeyaita makaa meupe na karatasi nyeusi, na kila wingu lipitapo vitu vyote vya nyumbani vingegeuka rangi. Mama asingeweza kulitambua tunda bivu asubuhi na jioni. Basi akili haiulizi ni mwanga kiasi gani unaotoka kwenye kitu. Huuliza kitu hicho kina mwanga zaidi au pungufu kuliko jirani zake. Kijivu kilichozungukwa na weupe kimeshindwa na jirani, kikahukumiwa kuwa cheusi. Kijivu hicho hicho kikizungukwa na weusi kimewashinda jirani, kikapandishwa cheo. Hukumu hii ni sahihi mara elfu kwa siku, na ndiyo ituwezeshayo kutembea, kupika na kuzijua nyuso za watoto wetu. Mara moja moja hukosea, na mara hiyo moja ndiyo tuiitayo hadaa ya macho.

Huenda wako wasomaji wanaoikumbuka ile picha ya gauni iliyoenea duniani mwezi Februari 2015. Gauni lilikuwa la harusi huko Scotland, picha ikapigwa kwa simu katika mwanga usioeleweka, ikatiwa kwenye mtandao, na watu wakagawanyika: hawa waliona buluu na nyeusi, wale waliona nyeupe na dhahabu. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Maelezo yaliyotolewa yanafanana na hayo ya makaa. Picha haikuonyesha wazi ni mwanga wa aina gani uliokuwapo, kwa hiyo kila akili ilikisia. Aliyekisia kwamba gauni limo kivulini, penye mwanga wa kibuluu, akili yake iliuondoa ubuluu ikabakisha weupe. Aliyekisia kwamba gauni limo chini ya taa ya manjano, akili yake iliondoa manjano ikabakisha ubuluu. Nyumbani kwetu tulikuwa sita, na chakula cha usiku kilipoa mezani kwa ubishi. Nakumbuka mume wangu aliwaambia watoto waliokuwa wakiona nyeupe kwamba wanafanya mzaha. Hawakuwa wakifanya mzaha. Walikuwa wakishuhudia walichokiona, kama yeye alivyoshuhudia chake.

Hapa yafaa nitenge mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kiinimacho ni kazi ya mtu: mchezaji anakugeuza uangalie mkono wa kulia ilhali jambo linafanyika kushoto. Mazigazi, ambayo wengine huyaita sarabi, na ambayo Qur'ani Tukufu imeyapigia mfano katika Surat an-Nur, ni kazi ya hewa: ardhi ikipata moto sana, mwanga unaotoka mbinguni hupinda ukipita katika hewa ya moto iliyo karibu na ardhi, ukafika machoni kama kwamba unatoka chini. Ukipita barabara ya Malindi mchana wa kaskazi utayaona mbele ya gari, na hata ukiyapiga picha yatatokea pichani, kwa maana mwanga wenyewe ndio uliopinda. Lakini kanzu zangu zikipigwa picha, kisha pichani ukakata kipande cha darizi hii na kipande cha ile ukaviweka pamoja, vitafanana. Kosa hilo la tatu haliko katika mkono wa mtu wala katika hewa. Limo katika hukumu ya mwenye kutazama.

La ajabu zaidi ni mwezi. Nendeni ufuoni jioni ya mwezi mpevu, Mama Ngina pale Mombasa au popote bahari inapoelekea mashariki, muutazame unavyochomoza. Huwa mkubwa kama sinia. Saa sita za usiku ukiwa utosini, umekuwa kisahani. Ibn al-Haytham naye alilishughulikia. Mwezi haukui wala haupungui kwa usiku mmoja. Tena unapochomoza uko mbali nasi kidogo kuliko unapokuwa utosini, kwa umbali unaokaribia nusu ya kipenyo cha dunia, yaani kilomita kama 6,400. Basi ingefaa uonekane mdogo kidogo! Watoto wapeni punje moja ya mbaazi. Waishike kwa vidole viwili, mkono wameunyoosha, jicho moja wamelifumba, waufunike mwezi nayo ukiwa juu ya maji. Kisha wairudie kazi hiyo hiyo ukiwa umepanda. Punje ile ile itaufunika mara zote mbili. Maelezo ya Ibn al-Haytham ni kwamba mwezi ukiwa chini, baina yetu na huo kuna bahari, mashua, minazi, vitu tuvijuavyo umbali wake, na akili ikahukumu kwamba mwezi uko mbali sana. Ukiwa juu hapana kitu baina yetu nao, basi akili ikaudhania karibu. Na kitu kinachojaza jicho sawasawa na kingine ilhali kiko mbali zaidi, akili hukihesabu kuwa ndicho kikubwa. Wataalamu wangali wakijadiliana juu ya sehemu zilizobaki za maelezo hayo, lakini mbaazi haijadiliani na mtu.

Na yule ajuaye haya yote, je, macho yake hutengenea? Hayatengenei. Binti yangu anaujua mwezi kwa hesabu, na akikaa ufuoni anauona mkubwa kama niuonavyo mimi. Kujua hakuingii katika ile hukumu ya upesi. Kunaingia baadaye, pale ulimi unapojiandaa kusema.

Kisa kimoja cha Basra, mji ule ule wa Ibn al-Haytham, husimuliwa sana katika vitabu vya Waislamu. Watu walitoka kuutafuta mwezi mwandamo, na miongoni mwao alikuwamo sahaba Anas bin Malik, radhi za Allah zimshukie, akiwa mkongwe anayekaribia miaka mia. Akasema ameuona, akawa anauonyesha kwa kidole. Wengine wote hawakuuona. Fikirini uzito wa jambo hilo: nani atakayethubutu kumwambia sahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba hakuona alichosema ameona? Hapo alikuwapo kijana Iyas bin Muawiya, aliyekuja kuwa kadhi wa mji huo na kusifika kwa werevu wake. Iyas hakubishana naye. Alimkaribia, akamtazama usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umepinda ukashuka mbele ya jicho. Akaulainisha kwa upole, akaulaza mahali pake, kisha akamwuliza mwezi uko wapi. Mzee akatazama, akasema hauoni.

Mimi sikumkaribia mtu wala sikumtazama usoni. Nilikuwa na ushahidi wa macho yangu mawili, nikaona umenitosha, nikaupeleka hitimani.

Nilimwendea mdarizi kesho yake nikiwa nimezichukua kanzu na ile karatasi yenye matundu. Nilimwonyesha, naye akatazama mara moja tu. Alikuwa akijua. Akaniambia kwamba wadarizi wote wanalijua hilo kwa mazoea, kwamba uzi "hubadilika" kwa kitambaa, na kwamba alitaka kunieleza siku ile lakini aliniona nimekwisha kukata shauri. Nikamwomba radhi. Akanisamehe, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini wale wawili hawajarudi, mama."

Ikanilazimu nirudi nilikoyasemea. Nyumba ile ile, na kadiri ilivyowezekana wanawake wale wale, nikazitandaza kanzu mkekani, nikaipitisha karatasi mkononi mwa kila mmoja. Si jambo jepesi kwa mwanamke wa umri wangu. Wengine walicheka, wengine wakaomba waazimwe karatasi wakawaonyeshe watoto. Mmoja wa wale wawili alirudisha nguo zake kwa mdarizi siku ile ile. Wa pili alikuwa amekwisha kuwapa watu wengine kazi yake, na huyo sikuweza kumrudisha. Nikampa mdarizi kazi ya nguo zangu tatu nisizozihitaji sana, naye akazipokea huku akijua, nadhani, kwamba sizihitaji.

Asubuhi ya Idi wajukuu wangu walisimama uani, wa nyeupe na wa nyeusi, wakingoja kuongozana na babu yao kuswali. Mdarizi alikuwa akipita na watoto wake, akasimama kutoa mkono wa Idi. Akawatazama wavulana, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Leo unaona rangi ngapi, mama?"

"Mbili," nikamjibu.